Ramadhani, siku ya 16: Musa alifika Madyan hana kazi



Wazee wangu, ndugu zangu, dada zangu na vijana wangu wa jamaa yetu. Alhamdulillah, tupo katika kumi la kati, na Allah ametupa uhai na afya ya kufika hapa. Allah atutakabalie swaumu zetu na visimamo vyetu. Aamin.

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wanalo moyoni lakini halisemwi msikitini. Jambo la kutafuta kazi.

Tuseme ukweli jamani. Katika safu zetu za tarawehe kuna vijana, na kuna watu wazima wenye familia, ambao kukipambazuka hawana pa kwenda. Mmoja amemaliza chuo mwaka wa tatu huu. Mwingine alikuwa na kazi nzuri tu, kampuni ikapunguza watu. Bahasha ya kaki yenye vyeti imeshachakaa pembeni. Ajira Portal anaifungua asubuhi, anaifungua tena jioni. Maombi ametuma mpaka hesabu imempotea.

Taratibu mtu huyu anaanza kujificha. Kwanza anaacha kwenda kwenye harusi na misiba, kwa sababu kuna lile swali: "Siku hizi uko wapi?" Halafu msikitini anakuja, lakini anakaa karibu na mlango, imamu akitoa salamu tu, yeye ameshavaa ndala. Mwisho anaswali nyumbani. Ukimpigia simu anasema anaumwa kichwa.

Huyu ndiye ninayemwandikia leo. Neno langu kwake ni moja: rudi kwa watu. Riziki ni ya Allah, hakuna shaka. Lakini mara nyingi Allah huipitisha kwenye mikono na ndimi za waja wake, na waja hao hawawezi kukutaja mahali kama hawakuoni na hawajui unatafuta nini.

*Kisa cha Musa (a.s.)*

Fungua Surat al-Qasas, soma kuanzia aya ya 22 mpaka ya 28. Ni aya saba tu. Zisome leo baada ya Alasiri kwa jicho la mtu anayetafuta kazi, utaona mambo.

Musa alilelewa kwenye nyumba ya Firauni. Siku moja alimpiga mtu ngumi, mtu akafa, hali hakukusudia kuua. Akaja mtu mbio kutoka upande wa mbali wa mji kumwambia kwamba wakubwa wanashauriana kumuua. Akatoka mjini na hofu yake, akaelekea Madyan. Hana nyumba, hana kazi, hana ndugu kule anakokwenda.

Anafika kwenye kisima cha Madyan. Watu wamejaa, wananywesha mifugo yao. Pembeni wamesimama wanawake wawili wanazuia kondoo wao. Musa anawauliza: mna nini? Wanamweleza kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana.

Hapa tusimame kidogo. Mtu huyu amechoka na safari, ana njaa, na anatafutwa auawe. Angekaa chini akalia, nani angemlaumu? Lakini bado macho yake yanaona shida ya mwenzake. Akawanyweshea. Hakuwauliza baba yao ni nani wala watamlipa nini.

Halafu akaenda kivulini, na hapo ndipo akaomba ile dua ya aya ya 24. Maana yake ni kwamba yeye ni fakiri mbele ya Mola wake, anahitaji kheri yoyote atakayomteremshia. Dua fupi, ihifadhi. Angalia mpangilio wake: kwanza alisimama akafanya kazi iliyokuwa mbele yake, kisha akanyanyua mikono.

Jibu halikukawia. Mmoja wa wale wanawake akaja, anatembea kwa haya, akamwambia baba anakuita akulipe ujira wa kutunyweshea. Musa akaenda. Yule mzee, ambaye Qur'ani haikumtaja jina, akasikiliza habari zake zote. Ndipo binti mmoja akamwambia baba yake: muajiri huyu. Akatoa na sababu mbili, kwamba ana nguvu na ni mwaminifu.

Mkataba ukafungwa wazi. Miaka minane ya kazi, na akitimiza kumi ni hiari yake, pamoja na kuozwa mmoja wa mabinti. Mzee akasema hataki kumtia taabuni. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi.

Asubuhi alikuwa mkimbizi. Kwa sababu ya kisima na watu aliokutana nao pale, akapata kazi, nyumba, mke na usalama.

*Koneksheni ni nini hasa?*

Vijana wetu wana msemo: "Bila koneksheni hupati kitu." Na wanaposema koneksheni wanakusudia mjomba mwenye cheo. Asiye na mjomba basi anakata tamaa.

Sasa angalia aliyempendekeza Musa. Hakuwa mjomba wala rafiki wa utotoni. Ni mtu aliyemjua siku hiyohiyo. Alimtaja kwa sababu alimuona akifanya kazi, akaona nguvu zake na namna anavyojiheshimu. Hiyo ndiyo koneksheni ya halali: mtu anakushuhudia kwa kile alichokiona kwako.

Jambo hili hata wasomi wa jamii wameliona. Mwaka 1973 msomi wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu. Wengi wao habari za kazi waliletewa na watu wanaoonana nao mara mojamoja, kuliko marafiki wa kila siku. Ukifikiri, inaeleweka. Wenzako wa kijiweni wanajua kile unachokijua wewe; nafasi usiyoisikia wewe, na wao hawajaisikia. Lakini yule mzee wa safu ya mbele anayefanya kazi bandarini, yule mama anayeuza vitambaa Kariakoo, yule fundi wa viyoyozi anayeingia ofisi tano kwa wiki, hao masikio yao yako kwingine.

Na msikiti wakati wa Ramadhani ndiyo kisima chetu. Mwaka mzima watu hawa huwapati sehemu moja. Mwezi huu wanakuja kila usiku, wanakaa, wanakula tende pamoja. Wewe unakimbilia mlangoni!

*Kuomba njia na kuomba sadaka ni vitu viwili*

Najua kinachomzuia mtu. Anaona haya. Anasema, "Nitaonekana omba-omba."

Haya ni katika imani, hilo kweli. Lakini tumtazame Abdurrahman bin Awf (r.a.). Alihama Makka akafika Madina mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) akamuunganisha undugu na Sa'd bin ar-Rabi' (r.a.), miongoni mwa Ansari matajiri. Sa'd akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka kwa watu wake na mali yake, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa. Akaenda, akarudi na maziwa yaliyokaushwa na samli, na kesho yake akaenda tena. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari.

Alikataa mali, lakini hakukataa kuuliza. Angesema "naona haya, nisimsumbue Sa'd", soko angelijuaje? Kwa hiyo, ndugu yangu, kumwendea mtu ukamuuliza njia ni sunna ya watu wakubwa. Na kazi ndogo isikutie haya. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda kufunga kuni akauza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wakimpa au wakimnyima.

*Namna ya kusema*

Mambo machache ya kufanya wiki hii, inshaallah:

1. Sema unaweza nini. Ukimwambia mtu "natafuta kazi yoyote", anaitikia "haya, tutaangalia", akifika nyumbani amesahau. Hana cha kukumbuka. Lakini ukisema, "Shikamoo mzee. Mimi nina diploma ya uhasibu, nimekaa stoo ya vifaa vya ujenzi miaka miwili, natafuta ghala au duka linalohitaji mtu wa kuhesabu mali," hilo linakaa kichwani. Siku akisikia neno ghala, uso wako unamjia.

2. Omba muda na maelezo kabla hujaomba kazi. "Mzee wangu, naomba unipe dakika kumi siku yoyote, unieleze watu wa idara yenu wanaangalia nini wanapoajiri." Hakuna anayeumia kujibu hivyo. Wengi hawana mamlaka ya kuajiri, ukiwaomba kazi unawatia aibu na wataanza kukukwepa. Maelezo kila mtu anayo.

3. Chagua wakati. Mtu ana kiu, adhana ya Magharibi inakaribia, usimshike mkono umweleze historia yako. Baada ya tarawehe ni wakati mzuri. Ukienda ofisini kwa mtu, nenda asubuhi, bado ana nguvu.

4. Rudisha majibu. Mtu akikuelekeza kwa fulani, nenda, kisha mrudie umwambie ulichojibiwa, hata kama umekataliwa. Wengi wetu tukikosa tunanyamaza kimya. Aliyekuelekeza anaona juhudi yake imepotea, mara ya pili hasumbuki.

5. Sema kweli kuhusu yaliyopita. Musa alipoulizwa alisimulia habari zake zote, na ndani yake mlikuwa na mtu aliyekufa. Usiseme ulikuwa msimamizi hali ulikuwa msaidizi. Usifiche kwamba uliachishwa. Mwenye kuajiri akigundua uongo mmoja, na yale ya kweli hayaamini tena. Zaidi ya hapo, utakula mshahara huo miaka mingapi ukiwa umejengwa juu ya uongo?

6. Toa mkono mahali ulipo. Hapa msikitini kuna kupanga majamvi, kuchota maji, kugawa futari, kuandika orodha ya wanaopewa chakula. Fanya. Lakini niya iwe kwa Allah. Musa hakunywesha kondoo ili aajiriwe, hata hakujua kuna kazi. Ukifanya kwa ajili ya macho ya watu utachoka siku ya tatu na thawabu huna. Ukifanya kwa ajili ya Allah, akitaka watu waone, wataona.

Dada zangu, haya yote yanawahusu. Wale mabinti wa Madyan walikuwa nje wanafanya kazi kwa sababu baba yao amezeeka, na heshima yao wanayo. Akinamama wa jamaa yetu wapo, zungumzeni nao upande wenu. Ukiitwa usaili sehemu isiyoeleweka, au saa za usiku, usiende peke yako. Na wote, wa kike na wa kiume: mtu akikudai pesa ya fomu au ya "kusukuma faili", jua ni tapeli au ni rushwa. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Anayekuahidi kazi Uarabuni, hakikisha wakala wake amesajiliwa, na uone mkataba ukiwa bado hapa nyumbani.

*Wakikusahau*

Sasa tufike penye uchungu. Utafanya yote hayo, na mtu atakwambia "nitakushtua", na hatakushtua. Utampigia, hapokei. Utamuona msikitini, anaangalia pembeni.

Yusuf (a.s.) alipitia hayo. Alikuwa gerezani bila kosa. Mwenzake mmoja alikuwa anatoka, naye Yusuf alikuwa amemfasiria ndoto yake. Akamuomba jambo dogo tu: unitaje kwa bwana wako. Yule akatoka, akasahau. Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa.

Halafu mfalme akaota, watu wakashindwa kufasiri, ndipo yule bwana akakumbuka. Akarudi gerezani kutaka tafsiri. Soma Surat Yusuf kuanzia aya ya 46 uone Yusuf alimjibu nini. Hakuna lawama hata moja iliyotajwa pale. Hakumwambia "leo ndiyo umenikumbuka kwa sababu una shida?" Alimpa tafsiri kamili, miaka saba ya kulima na miaka saba ya ukame, akaongeza na ushauri namna ya kuhifadhi nafaka. Kwa jibu lile akaitwa na mfalme, na mwisho akawekwa kwenye hazina za nchi.

Ndugu yangu, moyo ukijaa kinyongo, siku mlango ukigongwa utafungua na matusi. Waliokusahau wasamehe mwezi huu. Wengine wamesahau kweli, na wao wana madeni na wagonjwa. Mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha nenda kwa mwingine.

Na subira isiwe ya kulala. Hii swaumu inatudanganya: tunakula daku, tunaswali Alfajiri, tunalala mpaka Adhuhuri, siku imekwisha. Jiwekee kiasi unachokiweza. Watu wawili wa kuonana nao uso kwa uso kila siku, ombi moja la kuandika vizuri, na juzuu yako ya Qur'ani. Ukishatimiza hayo, siku yako umeitendea haki, hata kama simu haikulia. Kuitwa au kutoitwa si juu yako. Ukikataliwa, tawadha, swali rakaa mbili, ongea na Mola wako kama Musa kivulini, kesho toka tena.

Na kama giza limekuwa zito, usiku hulali, chakula cha daku hakipiti, unaona bora usingekuwepo, usikae nalo peke yako. Mwambie imamu, mwambie mama yako, nenda hospitali. Kukosa kazi hakukupunguzii daraja mbele ya Allah. Musa alikuwa mpendwa wa Allah akiwa amekaa chini ya mti hana senti.

*Na nyinyi wenye kazi*

Nina neno kwa waliobarikiwa. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 85, Allah anatufahamisha kwamba anayemsemea mwenzake jambo jema ana fungu lake katika jema hilo, na anayesemea baya ana mzigo wake. Na Mtume (s.a.w.) alipojiwa na mtu mwenye haja alikuwa akiwahimiza Maswahaba wamsemee mtu huyo wapate ujira. Neno lako moja kazini, "namjua kijana mmoja, njooni mumuone," ni sadaka, wala halipunguzi mshahara wako.

Lakini semea unachokijua. Yule binti alisema nguvu na uaminifu kwa sababu aliviona. Ukimpigia debe asiyeweza kazi kwa sababu ni wa kwenu, umemdhulumu anayeweza na umeshuhudia uongo. Kama humjui kijana, kaa naye umjue kwanza.

Usiahidi usichoweza. Kumwambia mtu "sina uwezo wa hilo, ila nenda kamuone fulani" ni rehema kubwa kuliko "nitakushtua" inayomfanya ashike simu usiku na mchana.

Na lile swali la "siku hizi uko wapi?" mbele za watu, tuliache. Mvute pembeni. Muulize, "Unatafuta kitu gani, nikusikilizie?" Kisha sikiliza kweli.

*Kazi ya leo usiku*

Baada ya tarawehe, imamu akishatoa salamu, tusikimbie. Asiye na kazi, ongea na mtu mmoja ambaye hujawahi kuongea naye. Mwenye kazi, mtafute yule aliyekaa karibu na mlango. Dakika tano tu. Na kama kuna mtu tangu Ramadhani ianze hujamuona safuni, mpigie simu leo kabla ya futari, umwambie nafasi yake ipo.

Ewe Mola wetu, wafungulie wanaotafuta milango ya halali. Walinde na rushwa, utapeli na kukata tamaa. Wape wazazi wetu furaha ya kuona watoto wao wamesimama. Utufanye sisi wenye uwezo kuwa sababu ya kheri kwa wenzetu, na utukutanishe na Laylatul Qadr tukiwa na nyoyo safi. Aamin, aamin, yaa Rabbal aalamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako ambaye unajua anahitaji. Tukutane Isha inshaallah.